Fundi Ajibu: Ekzosi haisemi kama ina moto

Mwezi huu barua zenu karibu zote zimenijia na harufu ya ngozi iliyoungua. Sijui ni msimu wa harusi au ni nini, lakini nimeziweka pamoja nizijibu kwa mkupuo mmoja. Na mie si mgeni wa jambo hili. Kwenye shavu la mguu wangu wa kulia nina alama ya urefu wa kijiko cha chai. Niliipata nina miaka kumi na nne, Malindi, ami aliponiambia nimfungie pakacha la samaki nyuma ya pikipiki yake. Nilizunguka upande wa pili kuvuta kamba, nikasikia "chaa!", na kabla sijajua ni nini ngozi ilikuwa imebaki kwenye bomba. Iliendelea kunuka kila ami akiwasha pikipiki, mpaka ikamalizika yenyewe.

Tuanze na barua ndefu.

*

*Assalaam aleikum Fundi. Mimi ni kijana wa Fuoni, Unguja. Marehemu babu alituachia Morris Minor iliyokaa chini ya mwembe miaka mingi. Nimeitia injini ya Toyota, nimetoa madigadi ya mbele na boneti, na mabomba ya moshi nimeyatoa ubavuni yakaungana kuwa bomba moja la inchi mbili linalopita chini ya mlango wa kushoto, kama nilivyoona kwenye picha za hotirodi, yale magari makuukuu ya Marekani yaliyogeuzwa ya mbio. Bomba nimelitia kromu. Watu wameipenda sana, naikodisha harusini. Juzi Kikwajuni, bi harusi alipokuwa anateremka, somo wake, yaani kungwi wake, aliyemshika mkono akagusa bomba kwa mguu. Ameungua vibaya, na shela ya bi harusi imetoboka. Sasa nimebandika karatasi mlangoni: "Tahadhari, bomba lina moto." Mwenzangu ananishauri nilifunge bendeji ya ekzosi, ule utepe wa kuzuia joto. Nifanyeje bila kuharibu sura ya gari? — Kijana wa Fuoni*

Waaleikum salaam, kijana wangu. Kwanza mpelekee somo salamu zangu, na usimpelekee salamu tupu. Mpelekee na gharama za dawa.

Pili, ile karatasi ibandue. Bi harusi amefunikwa uso, ni usiku, honi zinalia, wamama wanapiga vigelegele, watoto wamejaa mlangoni. Nani atasoma? Na hata akisoma, ataangalia bomba aone nini? Kromu ikiwa baridi asubuhi inang'aa, na ikitoka Fuoni mpaka Kikwajuni inang'aa vilevile. Chuma hakianzi kuonyesha wekundu, tena gizani, mpaka kifike nyuzi 500 hivi za sentigredi. Ngozi ya binadamu haisubiri huko. Moritz na Henriques, watafiti wa Marekani waliolipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1947, walikuta kwamba kwenye nyuzi 60 ngozi inaungua kwa sekunde tano hivi, na kwenye 70 sekunde moja inatosha. Basi kutoka 60 mpaka 500 pana uwanja mpana kabisa ambao bomba linaunguza na limenyamaza kimya. Somo wako alikanyaga ndani ya uwanja huo. Mtu haelezwi ajihadhari na kitu asichokiona. Kinafunikwa.

Sasa tuzungumze hizo picha zako, maana nakuona umechukua nusu ya habari. Vijana wa kusini mwa California, tangu miaka ya 1930, walikuwa wakichukua Ford kuukuu, Model T na Model A, halafu ile ya mwaka 1932 yenye injini ya V8, wakazivua madigadi na boneti ili ziwe nyepesi, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka, Muroc na El Mirage. Bomba la ubavuni lilikuwa na kifuniko mwishoni. Barabarani unalifunga, moshi unapita kwenye sailensa; ukifika ziwani unalifungua, moshi unatoka moja kwa moja. Anayepanda gari ile ni kijana mmoja, kavaa suruali nzito na viatu vya ngozi, anajua bomba liko wapi kwa sababu kalichomea mwenyewe. Hakuna somo, hakuna shela, hakuna mtoto wa jirani anayetaka kupigwa picha.

Na bado wakiungua. Wenye zile gari za mbio za Cobra, jina la nyoka, zenye injini ya 427, ambazo bomba lake linapita chini ya mlango palepale unapotia mguu, wana jina kabisa la alama ya shavu la mguu: wanasema mtu kaumwa na nyoka. Chevrolet nao walipouza Corvette ya mwaka 1965 yenye mabomba ya ubavuni, hawakuyaacha uchi. Waliyawekea kava lenye matundu. Hebu kazitazame tena picha zako kwa utulivu, uzivute ziwe kubwa. Mara nyingi kile kinachong'aa si bomba, ni kava ya bomba. Kwa hiyo ukiniuliza nitafunikaje bila kuharibu sura, nakwambia kufunika ndiyo sura yenyewe.

Kabla ya kukata bati lolote, washa injini umwite mtu apime taimingi, yaani wakati cheche inaporuka. Injini ya kutolewa gari moja ikatiwa nyingine mara nyingi taimingi yake iko nyuma, na cheche ikichelewa, moto unamalizikia ndani ya bomba badala ya kusukuma pistoni. Unapoteza nguvu na unachemsha ekzosi bure. Angalia na rangi: kama kromu karibu na injini imegeuka manjano ya asali, halafu zambarau, halafu buluu, basi pale joto limezidi. Usiisugue kwa brasso ukajidanganya. Ile ni barua bomba limekuandikia.

Sasa kava. Tafuta bati la stenlesi la milimita moja. Usitumie alumini kwa sehemu zinazoshikana na bomba. Ukitaka kujua kwa nini, nenda jikoni kwa bi mkubwa, tia kijiko cha stenlesi na kijiko cha alumini kwenye mchuzi unaochemka, urudi baada ya dakika tano uvishike vyote viwili. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi. Likunje bati lizunguke robo tatu ya bomba, juu, nje na chini, upande wa ndani uwe wazi. Jambo kubwa hapa, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, kava isilale juu ya bomba. Pawe na nafasi ya sentimita moja na nusu mpaka mbili ya hewa kote. Kava iliyogusa bomba ni bomba la pili. Toboa matundu kwa safu, madogo yasiyopitisha kidole cha mtoto, hewa ya moto itoke juu na ya baridi iingie chini. Kingo zikunje kwa ndani, tusije tukamuokoa mtu na moto tukamkata kwa bati.

Kuishika, chukua zile klipu za kukazia mipira ya redieta, tatu kwa urefu wa bomba, uchomee kila moja kijiguu kidogo cha stenlesi, na kava ifungwe kwenye vijiguu hivyo kwa bolti. Vijiguu viwe vichache na vyembamba, maana kila kijiguu ni njia ya joto. Tundu la bolti la kati liwe la duara, lakini la mbele na la nyuma yawe marefu kama punje ya mchele. Bomba la chuma la mita moja likipanda nyuzi 300 linarefuka milimita tatu na nusu hivi, na la stenlesi linafika tano. Ukilibana pande zote mbili, kava itajipinda siku ya kwanza na wewe utarudi kwangu ukinilaumu.

Halafu kibao cha kukanyagia. Hiki sijaona mtu akikitia siku hizi, na ndicho kingemuokoa somo wako. Gari za zamani zilikuwa nacho. Weka ubao wa mninga au bati la kukanyagia juu ya bomba, lichomoze nje ya kava kama sentimita kumi, likamatwe kwenye chesisi na si kwenye bomba. Mtu anayeteremka mguu wake unashuka nje ya ubao, shavu la mguu haliwezi kuifikia ekzosi hata akitaka.

Ukishamaliza, endesha nusu saa, simamisha, ndipo ujaribu. Kama una rafiki mwenye kile kipimajoto cha umbo la bastola kinachopima bila kugusa, mwombe akuazime, na ukielekeze kwenye sehemu uliyoipaka rangi nyeusi, kwa sababu kromu tupu inakidanganya kipimo na kukupa namba ndogo. Kama huna, watu hurusha tone la maji. Njia hiyo nzuri lakini isikulaghai. Tone likiviringika kama ushanga, kama kwenye chuma cha chapati kilichopata moto, hapo pamepita nyuzi 200. Likitoa "chss" na kukauka, pamepita 100. Lakini likitulia tu pale bila kusema kitu, panaweza kuwa na nyuzi 80, na 80 inachuna ngozi. Kava nzuri uweze kuiwekea kiganja na kukiacha hapo. Ukishindwa kuhesabu mpaka kumi, ongeza nafasi ya hewa.

Bendeji? Mwenzako hana nia mbaya, lakini mie kwa bomba la mlangoni nasema hapana. Inazuia joto ndani, ni kweli, ila juu yake bado inabaki na moto wa kuunguza. Halafu sisi tunaishi kwenye kisiwa. Bendeji inanyonya maji na chumvi, inakaa na unyevu, na chuma cha kawaida kinaoza chini yake bila wewe kuona. Ikinyonya oili inashika moto. Ukitaka kuitumia, itumie kule mbele karibu na injini, na vaa glavu na barakoa unapoikata, vile vinyuzi vyake vinawasha kuliko upupu.

Na swali ambalo hukuniuliza: kwa nini bomba limepita kushoto? Huku tunaendesha kushoto, abiria anateremkia kushoto, na watoto wanasimama kushoto. Ungelipitisha kulia, chini ya mlango wako mwenyewe, wa kuumwa na nyoka angekuwa wewe. Najua umeshachomea. Nasema tu.

*

*Fundi, mume wangu ni bodaboda. Alhamisi jioni aliporudi, mwanetu wa miaka minne alimkimbilia akakumbatia pikipiki badala ya baba yake. Mkono umeungua kiganjani na kwenye kifundo. Jirani alimpaka dawa ya mswaki, halafu ute wa yai. Leo siku ya tatu kidonda kinanuka na mtoto ana homa. Je, nimpake asali? — Mama, Wete*

Barua hii ilinifikia kwa simu, na mama huyu nilimpigia papo hapo, maana kidonda kinachonuka hakingoji toleo la gazeti. Nilimwambia asipake kitu, ampeleke mtoto hospitali siku ileile. Alikwenda, na mtoto anaendelea vizuri. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili yenu wengine. Mie ni fundi wa magari, si daktari, lakini haya ndiyo madaktari wanayofundisha, na gereji yangu imeyatumia mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Maji. Maji ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika ishirini. Sikusema kuchovya, wala kumwagia mara tatu ukasema basi. Dakika ishirini ni ndefu. Mtoto analia, na wewe moyo unakuambia inatosha. Nyumbani kwangu tunapimia kwa Yasini. Mtu anashika mkono chini ya mfereji, mwingine anasoma Yasini kwa utaratibu, na akimaliza, maji yamefanya kazi yake. Mfereji ukiwa umekatika, teka kwenye pipa kwa kata ummwagie polepole bila kuacha. Hata kama umechelewa, maji yanasaidia mpaka saa tatu baada ya kuungua, kwa hiyo anayeletwa kutoka shamba na hajamwagiwa, mmwagie. Mwili uliobaki mfunike kanga asipate baridi, hasa mtoto. Barafu usiweke, inaua ngozi ambayo ingepona.

Vua bangili, pete, saa, na ile hirizi ya mkononi pia, mapema kabla mkono haujavimba. Kitambaa kilichoganda kwenye kidonda usikivute. Malengelenge usiyatumbue. Baada ya maji, funika kwa ile karatasi laini ya plastiki ya kufunikia chakula, au kitambaa safi kisichotoa manyoya.

Dawa ya mswaki inaleta ubaridi mdomoni, watu wakadhani inazima moto. Haizimi. Inaganda, inaficha kidonda, na daktari anaanza kazi kwa kuisugua, mtoto akaungua mara ya pili. Ute wa yai unaingiza vijidudu. Nami nilipakwa vyote viwili Malindi, na unga wa ngano juu yake. Nilikuwa kama andazi.

Hospitali ni lazima kwa mtoto mdogo, kwa kuungua usoni, viganjani, miguuni, sehemu za siri au penye kiungo, kwa jeraha kubwa kuliko kiganja cha mwenyewe, na kwa ngozi iliyogeuka nyeupe au nyeusi na haiumi. Hiyo isiyouma ndiyo ya kuogopa, kwa sababu mishipa ya maumivu imeshaungua nayo. Uliza na sindano ya pepopunda.

Na baba mtoto naomba asome hapa. Pikipiki nyingi ekzosi yake iko kulia. Unapoingia uani, isimamishe ubavu wa kulia uelekee ukutani. Haikugharimu hata senti. Bomba linahitaji nusu saa au zaidi kupoa, na mtoto wa miaka minne hana nusu saa. Halafu kile kibati cha juu ya bomba ambacho pikipiki ilikuja nacho kutoka kiwandani, kiko wapi? Najua kiko wapi. Kilianza kugongana kwa sababu bolti zimeoza kwa chumvi, ukakivua, sasa kiko juu ya kabati na misumari. Kirudishe. Bolti mbili za stenlesi na washa zake, kazi ya dakika kumi.

*

*Nakodisha skuta na pikipiki Paje. Wageni wangu wanarudi wameungua miguu, halafu wanadai punguzo. — Mwenye gesti*

Wana haki ya kudai. Mgeni kavaa kaptura, katoka kuogelea, miguu imelowa na haina hata suruali ya kumkinga, na hajui upande wa kuteremkia. Unapompa ufunguo na helmeti, mpandishe na umteremshe mara mbili mbele yako, kwa kushoto, yeye na mwenzake wa nyuma. Maneno matupu hayatoshi. Mguu unakumbuka kuliko sikio. Skuta zako haziunguzi sana kwa sababu bomba limejificha chini na lina kava. Pikipiki ndizo zinazokusumbua, hasa zile ulizozinyanyulia ekzosi juu zionekane za michezo. Zishushe au uzitie kava kama niliyomueleza kijana wa Fuoni.

*

*Mie utingo wa gari la mbao. Bomba letu linaishia chini ya ngazi ya nyuma, wamama wanaungua vifundo na mabuibui yanatoboka. Nimelifunga gunia la maji. Inatosha? — Utingo, njia ya Makunduchi*

Haitoshi, ndugu yangu. Gunia linakauka kabla hamjafika Tunguu. Mwambie tajiri anunue kipande cha bomba na kona moja, fundi alipeleke upande wa kulia lipite nyuma ya tairi na kutokea nje, mbali na ngazi na mbali na tangi. Moshi nao utaacha kuwaingia waliokaa mwisho. Na hilo gunia lifungue leoleo kabla ya safari. Kwenye picha uliyonitumia upande mmoja umeshaanza kuwa mweusi.